Muosha Maiti wa Rumonge: Huyu Haoshwi

Kitako cha bunduki kiligonga mlango mara ya pili, na Mzee Asmani alikuwa bado ameshika pindo la turubai.

Aliyetusoma wiki iliyopita anajua kilichokuwa chini ya turubai lile. Aliyekosa asikie kwa ufupi. Nasiri, mwana wa Bi Biasha, mvuvi wa ndagala, aliletwa msikitini asubuhi na wanajeshi wa kambi ya mlimani. Wakasema mtumbwi wake ulizamishwa na upepo karibu na Minago. Wakamlaza katika chumba cha kuoshea maiti, wakawafukuza wasaidizi, wakamwacha mwoshaji peke yake na maiti wake.

Asmani akafunua. Upepo haumtoboi mtu mgongo kwa risasi mbili. Upepo haumfungi mtu mikono kwa kamba ya wavu wake mwenyewe.

"Mzee! Fungua!"

Akarudisha turubai, akafungua.

Aliyeingia siye aliyegonga. Alikuwa Majoro Hubert mwenyewe, mkubwa wa kambi, mtu ambaye jina lake lilinyamazisha watoto kutoka Gitaza hadi Kabonga. Kofia alikuwa ameishika mkononi. Viatu alikuwa ameviacha mlangoni.

"Amahoro, Mzee."

"Amahoro, Majoro."

"Nimetoa viatu. Nimefanya vizuri?"

"Hapa si ndani ya msikiti. Lakini murakoze, asante."

Majoro akatabasamu. Akaweka mzigo juu ya benchi la saruji na kuufungua taratibu, kama mtu anayefungua zawadi ya harusi. Sanda mpya. Marashi. Kafuri. Udi wa bei.

"Hii inatoka kwangu," alisema. "Nataka huyu mutu azikwe vizuri, leo, watu wote waone. Mimi mwenyewe nitakuja. Mu huu muji watu wanasema-sema sana. Wakiona mwenzao ameoshwa, ameswaliwa, amezikwa, midomo itapoa."

Asmani alilinyoosha pindo la turubai.

"Umemufunua?"

"Kufunua ni kazi yangu."

"Na kufunika pia ni kazi yako. Nimeuliza watu. Wameniambia muosha maiti hasemi kile ameona ku mwili wa mutu. Hata kwa bibi yake hasemi. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Dini yenu iko muzuri sana, Mzee."

Na kweli ndivyo ilivyokuwa, msomaji. Asmani alianza kazi hii nywele zake zikiwa nyeusi, na siri za miili ya Rumonge alikuwa nazo yeye. Kuna tajiri wa mawese aliyezikwa na jina la mwanamke limechorwa pajani, na mwanamke huyo hakuwa mmoja wa wake zake. Mjane alimbembeleza Asmani kwa chai na vitumbua, akatoka mikono mitupu. Amsitiriye maiti, Mungu humsitiri. Sheria hiyo aliishika maisha yake yote. Leo mwenye bunduki amekuja kusimama juu yake kama anayesimama juu ya mkeka.

Majoro aligeuka kama anayeondoka. Kisha akasimama.

"Ulikuwa unamulilia mukwe wako?"

Asmani aliliachia turubai.

Mkwe wake ni Lukeba, Mbembe wa Fizi, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, mume wa Bora, binti yake wa pekee. Lukeba na Nasiri walikuwa mtumbwi mmoja. Walikuwa wakivusha wanawake na watoto waliokimbia vita katika milima ya Minago, wanawafikisha upande wa Tanzania, wanarudi. Safari hii mtumbwi haukurudi, na Asmani alikuwa amekwisha kumwombea Lukeba dua ya marehemu.

"Mukongomani iko hai," alisema Majoro. "Iko kwangu. Tukimaliza kuzika, anarudi kwa bibi yake. Ila kukitokea maneno..." Akapiga kiganja juu ya benchi, polepole. "Munasemaga mwosha naye huoshwa. Siyo?"

Akatoka. Akavaa viatu vyake mlangoni, akafunga kamba moja, kisha ya pili, bila haraka.

Mlango wa upande wa msikiti ukafunguka kabla vishindo havijaisha. Shehe Nour aliingia, kijana bado, aliyesoma Unguja miaka mingi na kurudi na ndevu nyembamba na vitabu vizito. Uso ulikuwa umempauka.

"Nimesikia yote," alisema. "Washa moto. Maji yapate uvuguvugu."

"Shehe, aliyezama tunamfanyaje?"

"Unajua kuliko mimi."

"Niambie."

"Ni shahidi wa akhera. Anaoshwa, anavikwa sanda, anaswaliwa."

"Na aliyeuawa na dhalimu kwa sababu amewakinga wanyonge?"

Shehe Nour aliutazama mlango. "Shahidi wa vitani haoshwi, wala haswaliwi. Anazikwa na nguo zake na damu yake. Lakini nimesema vitani, Mzee. Nasiri hakuwa vitani. Alikuwa mtumbwini na akina mama."

"Vita vilimfuata mtumbwini."

"Kitabu chetu hakisemi hivyo."

"Na vya wengine?"

Shehe alishusha sauti. "Wako wanazuoni wanaosema aliyeuawa kwa dhuluma naye haoshwi. Si madhehebu yetu. Mzee Asmani, nina watoto. Usinitafutie kifo kwa fatwa ya watu wengine."

"Sikukuomba fatwa. Niliuliza tu."

"Najua unakokwenda! Ukiacha kumuosha, kila Mwislamu wa Rumonge ataelewa kabla jeneza halijavuka kizingiti. Hata mtoto wa chuo cha Kurani ataelewa."

"Na Majoro?"

"Majoro hajui kitu. Si umemwona, anavua viatu mahali pasipotakiwa!"

Wakatazamana. Wakati mwingine wangecheka.

Sasa unaona, msomaji, kamba ilivyomkaba mzee huyu. Ulimi wake umefungwa na dini yake mwenyewe, hawezi kuwaambia watu alichokiona. Kilichobaki ni maji. Akiyamwaga juu ya Nasiri, Nasiri amezama, na Lukeba anarudi nyumbani. Asipoyamwaga, mji mzima utajua Nasiri ameuawa, na Lukeba...

"Baba!"

Ilikuwa sauti ya Bora, nje ya mlango. Mwanamke haingii anapolazwa maiti wa kiume asiye mtu wake, kwa hiyo alizungumza na mbao za mlango.

"Baba, Lukeba yuko hai! Askari ameniletea kofia yake!"

"Najua, mwanangu."

"Basi muoshe upesi."

Asmani hakujibu, na Bora alikuwa amelelewa na ukimya wa baba yake. Aliujua.

"Baba. Unafikiria nini humo ndani?"

"Nafikiria kazi yangu."

"Kazi gani? Nasiri amekufa! Umuoshe usimuoshe, amekufa! Ni maji tu, Baba. Ni ndoo mbili za maji. Huyu aliye tumboni atamwita nani baba, atamwita maiti wako?"

"Bora, sogea."

Hiyo ilikuwa sauti nyingine, nzito, ya mwanamke aliyekwisha kulia mpaka akamaliza. Bi Biasha, mama wa marehemu.

"Asmani."

"Naam, Bi Biasha."

"Sikuulizi ulichokiona. Najua husemi, na ukisema utakuwa umemvunjia mwanangu heshima. Nasiri alijua kuogelea kabla hajajua kuomba uji. Hilo linanitosha mimi."

Asmani aliegemeza paji la uso kwenye mlango. Alingoja mama huyu aseme neno atakalolishika. Aseme, mwanangu asifichwe. Aseme, watu wajue.

"Muoshe," alisema Bi Biasha.

"Bi Biasha..."

"Muoshe, nimesema! Wangu ameshakwenda. Wa huyu binti anapumua. Nikikukataza, nitakuwa nimemuua mume wa mtu ili watu wajue wangu alivyokufa. Sitaki mazishi ya namna hiyo. Mvike sanda yao. Mpake marashi yao. Mungu hahitaji kuonyeshwa."

Haya. Shehe amesema aoshwe. Binti amesema aoshwe. Mwenye msiba mwenyewe amesema aoshwe. Nani amebaki?

Shehe Nour akarudi msikitini. Asmani akawasha moto. Maji yakapata uvuguvugu. Akatia majani ya mkunazi, akakunja mikono ya kanzu, akapitisha kiganja chini ya kichwa cha Nasiri kama alivyozoea kuwashika wote, maskini na tajiri. Akachota kata ya kwanza.

"Bismillahi."

Mkono ukagoma.

Aliiona kazi yake yote iliyokuwa mbele. Leo Nasiri, upepo. Kesho ataletwa mwingine, upepo. Kesho kutwa mwingine. Kila mara sanda mpya, udi wa bei, na Asmani na kata yake. Damu itateremka mferejini na kutoka. Atakayekuwa ameoshwa siye Nasiri. Itakuwa ni mikono ya Majoro.

Akamkumbuka Lukeba. Mkwe yule mchokozi, ambaye siku ya posa aliulizwa ana mali gani akajibu, "Niko na meno yote, Baba, hesabu." Asmani akalia. Alilia bila sauti, kata mkononi, maji yakipoa.

"Ee Mola," alisema, "huyu si wangu kumtoa. Nitajitoa mimi badala yake. Ukinikubalia."

Hakusikia jibu. Mara nyingi halisikiki.

Akairudisha kata ndooni. Akazifungua kamba kwenye mikono ya Nasiri, akamnyosha, akamfunga kidevu. Fulana yenye damu hakuivua. Kisha akainua ndoo ya kwanza na kuimwaga sakafuni, karibu na mfereji. Akaimwaga na ya pili.

Nje, watu waliyaona maji yakitiririka chini ya ukuta. Kwao maana yake ilikuwa moja.

"Alhamdulillahi," alisema Bora.

Baada ya sala ya adhuhuri uwanja wa msikiti ulijaa hadi barabarani. Wachuuzi wa mawese walikuwepo, wavuvi, Wakristo wa Kivu wanaouza samaki, mafundi baiskeli. Kamiyo, lori la jeshi, ilisimama pembeni. Nyuma yake, kati ya askari watatu, alikaa Lukeba, mikono imefungwa, jicho moja limevimba. Majoro alitaka aonekane.

Bora alimwona. Akafunika mdomo kwa mikono miwili ili asipige kelele.

Majoro alisimama mbele kabisa, kofia kifuani. Kando yake alikuwa Sajini Maneno, mtoto wa mtaa huohuo, aliyekaa mkeka mmoja na Nasiri wakisoma juzuu. Majoro alimleta ili amwelezee mambo.

Mlango ukafunguliwa. Jeneza likatoka, limefunikwa kitambaa cha kijani. Wanaume wanne wakainama kulibeba.

Wa kwanza alisita. Chini ya pindo la kitambaa aliona mguu wa Nasiri. Haukuwa na sanda. Ulikuwa na suruali yake ya kazi, na magamba ya ndagala yamegandia.

Akamtazama wa pili. Wa pili akamtazama wa tatu. Hakuna aliyesema. Harufu ya kafuri haikuwepo, harufu ya udi haikuwepo, palikuwa na harufu ya ziwa na ya damu. Ukimya ukatoka kwa wabebaji ukaenda safu ya kwanza, ukaenda ya pili, ukafika barabarani.

Bi Biasha aliketi chini, palepale vumbini. Hakupiga yowe. "Mwanangu," alisema, kama mtu aliyeitwa na kuitika.

Jeneza likawekwa chini. Safu zikajipanga. Shehe Nour akapita mbele.

Asmani alimtazama mgongo na kujua kazi yake imekwisha. Shehe akinyanyua mikono na kusalisha, mambo yatakuwa yamezibwa. Watu watasema mwoshaji amezeeka, amechanganyikiwa, Shehe ndiye ajuaye. Lukeba atashuka. Na sehemu moja ya moyo wa Asmani, tuseme kweli, iliomba iwe hivyo.

Mikono ya Shehe ilipanda hadi masikioni. Ikakaa pale. Watu waliinua yao wakingoja takbira.

Mikono ikashuka.

Shehe Nour akageuka. Sauti ilitoka kavu, kwa Kiarabu chepesi cha chuoni ambacho waumini wote walikielewa.

"Ndugu zangu, mchukueni. Huyu haswaliwi."

Mtu mmoja nyuma alisema, "Allahu akbar," kwa upole, kama anayejisemea.

Majoro alimwinamia Sajini. "Amesema nini?"

Jasho lilikuwa limemtoka Maneno kwenye mdomo wa juu. "Amesema... jua kali, Majoro. Tuwahi makaburini."

"Tayari? Upesi hivyo?"

"Ndiyo desturi yetu, Majoro."

Majoro akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Akapunga mkono kuelekea kamiyo. "Mushushe Mukongomani."

Askari wakamsimamisha Lukeba. Akapitisha mguu mmoja juu ya bamba la nyuma. Bora tayari alikuwa akienda, anasukuma watu, mkono mmoja tumboni.

Hapo ndipo Majoro alipofanya lile ambalo hakuna aliyelitarajia. Alitaka kuaga kwa heshima. Alilisogelea jeneza, akainama, akafumba macho kama mtu wa misa. Kisha pua yake ikakunjika. Marashi aliyanunua yeye. Yalikuwa wapi?

Akanyanyua kitambaa.

Aliitazama fulana ile kwa muda. "Maneno," aliita bila kugeuka. "Kuja hapa. Sanda yangu iko wapi?"

Sajini alifungua kinywa. Asmani aliona kabisa kwamba kijana yule atadanganya tena, na kwamba uongo wa pili utamzika.

"Mwache, Majoro. Swali hilo ni langu."

Mzee akatoka safuni. Kanzu yake ilikuwa kavu, na sasa kila mtu aliona kwamba ni kavu.

"Nilichokiona juu ya mwili wa huyu sitakisema, hata ukinichinja. Hiyo ni amana yake. Lakini nilichokifanya mimi nitasema. Kwetu aliyezama tunamuosha. Huyu sikumuosha."

Majoro aliwatazama watu. Safu baada ya safu, hakuna aliyeinamisha macho.

"Na hawa wote wameelewa?"

"Tangu mlangoni."

"Ulijua Mukongomani iko wapi."

"Najua. Namwona."

"Na ukafanya."

"Nimefanya. Lukeba hajasema neno lolote, wala Shehe hakunituma. Mwenye kosa ni mimi. Mshushe, unichukue mimi."

Askari waliokuwepo walikuwa wachache, na umati haukurudi nyuma hata unyayo. Majoro akalirudisha pindo la kitambaa kwa uangalifu. Akavaa kofia. Lile tabasamu la asubuhi likarudi.

"Panda, Mzee."

Asmani akapanda kamiyo. Alidhani wamekubaliana. Alipofika juu alimwona askari akiusukuma mguu wa Lukeba ndani.

"Majoro! Nilisema yeye ashuke!"

"Wewe ulisema," alijibu Majoro. "Mimi sikusema." Akamgeukia Sajini wake. "Na wewe panda nao. Utanifundisha desturi zenu njiani." Yeye akaingia mbele, kwa dereva.

Kamiyo iliponguruma, jeneza nalo lilinyanyuliwa. Maiti hangoji. Watu wakalibeba kuelekea makaburini, na safari hii hawakunong'ona. "La ilaha illallah" ilipanda juu ya mabati ya mtaa mzima, na wauza samaki wa Kivu, ambao si dini yao, walitembea pamoja nao.

Bora hakufuata jeneza. Alikimbilia kamiyo, akaudaka mnyororo wa nyuma, akakimbia nao mpaka vidole vikamwachia. Alikuwa akiita. Aliita jina moja tu, na halikuwa la baba yake.

Asmani alilisikia hilo na kulipokea.

"Baba mkwe," alisema Lukeba. "Ulimuosha Nasiri?"

"Hapana."

Lukeba hakuwa na mikono ya kumshika. Akaegemeza kichwa begani mwa mzee, na jicho lake zima likatoa chozi. "Walinipiga niseme amezama," alisema. "Nilikataa. Nilifikiri niko peke yangu."

Walifika njia panda. Kambi iko juu, mkono wa kulia, kila mtu Rumonge anajua. Dereva akapunguza mwendo.

Akakata kushoto, barabara ya ziwani, kule ambako upepo wa Majoro huzamisha watu.

Askari watatu wakatazamana, kisha wakainamisha macho. Sajini Maneno alikuwa amekaa akimkabili Asmani, bunduki katikati ya magoti, kichwa chini tangu walipoondoka. Sasa akakiinua. Aliuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtoto wa chuo anavyomuuliza mwalimu wake.

"Mzee. Mimi nikifa leo, nitaoshwa au sitaoshwa?"

Na kabla Asmani hajajibu, kidole cha Sajini kilishusha kifungo cha usalama cha bunduki.